Ekerenyo Haimo Runingani: Kandanda ya Shule na Tamthilia ya Kiswahili

Katika vikao vya chama chetu tumezoea kujadili maswali makubwa: mgogoro wa ushairi wa arudhi na ushairi huru, hatima ya Sheng, nafasi ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Swali ninalolileta katika makala haya ni dogo kwa kimo, na wapo watakaosema halistahili kurasa za jarida la wanachuo. Ninauliza: kwa nini runinga yetu, ambayo imetuonyesha michezo ya kuigiza ya Kiswahili tangu enzi za Sauti ya Kenya, haijatupa tamthilia nzito kuhusu timu ya kandanda ya shule ya upili katika mji mdogo kama Ekerenyo? Jibu haliwahusu wapenzi wa mpira pekee. Linatuhusu sisi tunaojiita wana wa Kiswahili, na sidhani kwamba litatupendeza.

Kwa msomaji asiyeijua, Ekerenyo ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Nyamira, upande wa Mugirango Kaskazini, kwenye vilima vya chai na migomba. Ardhi ya huko ni ya miinuko, na ni nadra shule kujaliwa uwanja ulio tambarare pande zote. Lango moja huwa juu na jingine chini, na nahodha anayeshinda kura ya shilingi hujua fika anachokichagua. Mpira ukipigwa ovyo huteremka bondeni, na mchezo husimama hadi mtoto fulani apande nao tena. Isitoshe, nyanda za juu za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri. Mwalimu wa michezo huko hupanga mechi jicho moja likiwa kwenye ratiba na la pili kwenye wingu. Kando ya uwanja husimama wanafunzi, waendesha bodaboda walioegesha pikipiki zao, wachuuzi wa ndizi, na akina mama waliotoka kituo cha kununulia majani chai na vikapu vyao vitupu mgongoni. Hawa wote hawakualikwa, wala hawalipi kiingilio, lakini siku ambayo shule yao inacheza na shule ya kilima cha pili, soko hupungua watu.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mnamo Oktoba 2006 kituo cha NBC cha Marekani kilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Friday Night Lights, iliyoendelea hadi 2011 na kufikisha vipindi 76. Chimbuko lake ni kitabu cha H. G. Bissinger kilichotoka mwaka 1990, kuhusu shule moja ya mji wa Odessa, Texas, na msimu wake wa mwaka 1988. Mchezo wenyewe si kandanda yetu. Ni ule wa Wamarekani wa kubeba mpira mikononi na kuangushana. Kwenye runinga mji ulipewa jina la kubuni, Dillon. Katika kipindi cha kwanza, kijana anayeongoza mashambulizi ya timu, tegemeo la mji mzima, anaumia uti wa mgongo uwanjani na kupooza. Nafasi yake inachukuliwa na mchezaji wa akiba, Matt Saracen, mvulana mwenye haya anayemlea nyanya yake aliyeanza kupoteza kumbukumbu, huku baba yake akiwa jeshini Iraki.

Kilichonivutia katika kazi hiyo si ushindi wala kushindwa kwa timu. Ni kwamba watazamaji wa miji mikubwa waliombwa wawachukulie watu wa mji mdogo, wenye lafudhi ya Texas na mashaka ya Texas, kuwa ni watu kamili. Kocha Eric Taylor anazungumza jinsi watu wa kwao wanavyozungumza na hakuna anayecheka. Mkewe, Tami, ambaye ni mshauri wa wanafunzi na baadaye mwalimu mkuu, anabishana naye jikoni kuhusu fedha za shule: ziende kwenye mpira au kwenye masomo? Hakuna hata mmoja kati yao aliyewekwa pale ili tufurahie ujinga wake.

Tulinganishe na kwetu. Kwa maoni yangu, mtu wa mji mdogo huingia katika runinga ya Kenya kupitia milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni wa kuchekesha. Tangu Vitimbi na Vioja Mahakamani hadi Papa Shirandula, iliyotuchekesha tangu mwaka 2007 hadi kifo cha Charles Bukeko mnamo Julai 2020, mtu ambaye Kiswahili chake kina harufu ya lugha ya mama amekuwa bawabu, mshtakiwa aliyechanganyikiwa, au mume anayemficha mkewe kazi anayofanya. Sisemi kwamba kicheko ni dhambi. Bukeko alikuwa msanii wa kipawa kikubwa, na ndani ya vichekesho vyake mlikuwa na huzuni ya mtu mzima anayeona haya kuwa mlinzi. Ila lafudhi ile ilipotangulia kuingia chumbani, sote tulijiandaa kucheka kabla hajasema neno.

Mlango wa pili ni wa mafunzo. Makutano Junction, tamthilia iliyotungwa na kampuni ya Mediae, ilituchukua hadi mji mdogo wa kubuni, na ilikuwa kazi yenye ufundi. Hata hivyo ilikuwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na mwanakijiji alikuwa pale apate kujifunza jambo: namna ya kutunza mazao, kujikinga na maradhi, kudai haki yake. Na tukitafuta shule, tunaipata Tahidi High ya Citizen, iliyojaa mapenzi ya ujana na utundu wa darasani, lakini ambayo ingeweza kuwa popote penye sare na kengele. Ukiondoa kicheko na somo, mtu wa Ekerenyo hana pa kuketi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na hapa ndipo nawaomba wahadhiri wetu wanivumilie.

Tazama lugha inavyogawanyika katika mechi moja ya shule huko Gusii. Wachezaji huitana kwa Ekegusii, kwa kuwa hakuna wakati wa kutafsiri mpinzani anapokujia kwa nyuma. Refa, ambaye huenda katoka kaunti nyingine, hutoa maonyo yake kwa Kiswahili. Mwalimu mkuu hufungua mashindano kwa Kiingereza, kisha anapohisi umati haumsikilizi anageukia Kiswahili. Na daima yupo mwanafunzi mmoja, aghalabu wa kidato cha pili, anayejitwika kazi ya utangazaji pasipo kipaza sauti. Huyu hutangaza kwa Kiswahili cha redioni, kile alichokirithi bila kujua kutoka kwa kina Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025 na ambaye sauti yake iliwafundisha Wakenya wa bara maneno kama mlinda lango, mkwaju na dakika za lala salama kabla hawajakutana nayo katika kitabu chochote. Sijui mahali pengine vijijini ambapo kijana huchagua Kiswahili cha madoido kwa hiari yake, kwa furaha, pasipo mtihani mbele yake. Sisi wanaisimu tungepaswa kuwa tumeshaandika shelfu nzima kuhusu kijana huyo.

Tamthilia ingempa nafasi. Na ingempa kwa sauti yake. Ekegusii hakina sauti ya l wala ya h, na kwa hivyo lango huwa rango na hodari huwa odari midomoni mwa wengi. Katika vichekesho hilo pekee limetosha kuwa mzaha. Katika tamthilia nzito mtazamaji angelizoea baada ya dakika kumi, kama tulivyozoea sauti za Texas, kisha akaanza kusikiliza kinachosemwa.

Lipo jambo la ndani zaidi ya matamshi. Katika Ekegusii mtoto humwita mama yake baba, na baba yake humwita tata. Mwandishi wa mswada aliyelelewa Nairobi hawezi kulijua hilo, na akiambiwa ataliepuka ili asimchanganye mtazamaji. Mimi nasema aliweke. Hebu tufikirie onyesho fupi: jioni, jikoni, mvulana wa kidato cha tatu amerudi na viatu vya kuazima mkononi.

"Baba, kesho tunaenda Nyamira. Ni ya kaunti ndogo."

"Na majani ya mstari wa chini atachuma nani?"

"Nitaamka saa kumi."

"Saa kumi utayaona majani kwa macho ya paka?"

"Baba, nikikosa kesho hakuna kesho nyingine."

Mama anaendelea kupuliza moto. Mtazamaji wa Mombasa au Garissa atashtuka kidogo kusikia mwanamke akiitwa baba. Kisha ataelewa, na atakuwa amejua kitu kuhusu jirani zake ambacho hakuna hotuba ya umoja wa taifa iliyowahi kumweleza. Kiswahili hakikuharibika hapo. Sarufi imesimama, upatanisho wa kisarufi uko mahali pake. Kilichobadilika ni kwamba lugha imekubali kukaa nyumbani kwa mtu.

Najua pingamizi itakayotolewa. Tutaambiwa kwamba kazi ya chama kama chetu ni kukilinda Kiswahili sanifu, na kwamba tukiruhusu matamshi ya Gusii leo, kesho tutaruhusu ngeli zivurugwe. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa tumeona vipindi ambavyo lugha yake ni mseto usio na kichwa wala miguu. Lakini tutofautishe lafudhi na ulegevu. Watunzi wa Mvita na Lamu waliandika kwa lahaja zao na leo tunawasoma darasani kwa heshima. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Nyamira si lahaja kwa maana ya kiisimu. Ni lugha ya pili ya watu wenye lugha yao. Ila wengi wa wasemaji wa Kiswahili leo ni wa namna hiyo hiyo. Tukishikilia kwamba wanafaa kuwa wasikilizaji tu, tusishangae wakikiona Kiswahili kuwa lugha ya wageni na ya karatasi ya mtihani.

Fasihi yetu andishi nayo haijatusaidia sana katika jambo hili. Tamthilia na riwaya tulizozisoma shuleni zimehamia miji ya kubuni: Cheneo katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Sagamoyo katika Kigogo ya Pauline Kea, Sokomoko katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora. Nazihusudu kazi hizi, na najua kwamba jina la kubuni humkinga mwandishi dhidi ya wakubwa. Isitoshe, Dillon pia ni jina la kubuni. Tofauti ni kwamba Dillon ina udongo. Tunajua ni ya Texas, tunajua joto lake na makanisa yake. Sagamoyo ni kioo cha nchi nzima, na kioo cha nchi nzima hakina msimu wa mvua. Tumekuwa hodari mno wa istiari hata tumesahau kuhesabu hatua kutoka shuleni hadi sokoni.

Wala maudhui hayakosekani. Mashindano ya michezo ya shule za upili huanza kwenye zoni, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, Nyanza, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Timu ya Marekani hucheza Ijumaa baada ya Ijumaa. Ya kwetu inaweza kufanya mazoezi mwaka mzima, kisha ikaaga mashindano mchana mmoja kwenye tope la zoni. Mtunzi yeyote wa tanzia angeshukuru kupewa mpangilio kama huo. Yupo mchezaji stadi ambaye shule kubwa ya mbali inamtaka, iko tayari kumsamehe karo, na wazazi wake wanaona mlango wa mbingu umefunguka. Wenzake anaowaacha wanamwita msaliti. Yupo kijana ambaye umri wake kwenye karatasi na ndevu zake haviafikiani, na mwalimu anayejua na anayenyamaza. Yupo mwanasiasa anayekumbuka kununua jezi na mipira kila uchaguzi unapokaribia. Yupo mwalimu wa Kiswahili, kwa nini asiwe wa Kiswahili, aliyekabidhiwa timu kwa sababu tu ni kijana, na anayepoteza Jumamosi zake bila marupurupu. Na juu ya wote lipo swali lile la jikoni kwa Tami Taylor, ambalo huku ni kali zaidi kwa kuwa fedha ni kidogo zaidi: basi la kuwapeleka wachezaji 18, au vitabu?

Gusii haikosi ndoto za kuwapa vijana hawa. Shabana FC, iliyoanzishwa Kisii mwaka 1980, ilitupa majina kama Henry Motego. Ilipotea katika ligi za chini kwa muda mrefu, kisha ikarejea Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, na kilio cha mashabiki wake, Tore Bobe, kikasikika tena viwanjani. Kijana wa Ekerenyo ana njia anayoweza kuiona kwa macho: shule, kisha Kisii, kisha labda kwingine. Ni nyembamba sana, na tamthilia isiyomdanganya kuhusu wembamba wake ingekuwa na faida kuliko hotuba nyingi za siku za kutoa zawadi.

Wala nisieleweke kwamba hii ni hadithi ya wavulana. Mwaka 2024 timu ya wasichana wa Kenya wasiozidi umri wa miaka 17, Junior Starlets, ilikwenda Jamhuri ya Dominika na kuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la daraja lolote; huko iliifunga Meksiko mabao 2 kwa 1. Hao ni watoto wa umri wa shule. Nikiambiwa nichague, tamthilia ya Ekerenyo ningeijenga juu ya timu ya wasichana, kwa kuwa msichana anayeutoka uwanja akiwa na tope magotini ana watu wengi zaidi wa kujieleza kwao.

Ni haki tukumbuke kwamba mpira umewahi kuingia katika tamthilia yetu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, Citizen ilionyesha mwaka 2009 tamthilia iitwayo The Team, iliyotengenezwa na Media Focus on Africa kwa ushirikiano na Search for Common Ground. Ilihusu timu ya Imani, ambayo wachezaji wake wa makabila mbalimbali walilazimika kujifunza kupasiana mpira. Watu wa Nyamira hawakuhitaji kuelezwa maana yake: mwanzoni mwa mwaka 2008 mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto, majirani wa Kigusii na wa Kipsigis wakafukuzana kwa mishale. Tamthilia hiyo ilikuwa na nia njema na ilifika kwa wakati wake. Lakini ilikuwa dawa, na dawa hunywewa siku za ugonjwa. Ningependa kuona tamthilia ambamo shule ya Borabu inacheza na shule ya Sotik mechi ya kirafiki, na hakuna anayehutubu kuhusu amani. Kuna refa tu, na kona moja yenye utata, na wazee wa pande mbili walio kimya kando ya uwanja kwa sababu wanakumbuka. Kimya hicho mtazamaji wa kwetu angekisoma mwenyewe.

Tutaambiwa kwamba fedha hazipo. Friday Night Lights yenyewe haikuwa na watazamaji wengi. Ilinusurika kufutwa kwa sababu mwaka 2008 kampuni ya DirecTV ilikubali kugawana gharama na NBC. Aidha, watengenezaji wake walipiga picha katika nyumba na viwanja halisi vya eneo la Austin, kwa kamera za kubebwa mkononi, bila mazoezi marefu, na waigizaji waliruhusiwa kubadilisha maneno. Namna hiyo inafaa mfuko mwembamba. Uwanja wa Ekerenyo upo na mteremko wake, mvua haikodishwi, na umati huja wenyewe. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo sasa lina kitengo cha filamu, na vijana wanaojua kushika kamera wamejaa katika kila idara.

Kinachokosekana ni mswada. Idara zetu hukubali tasnifu kuhusu tamthilia za watu wengine, mwaka baada ya mwaka, nyingine zikirudia uhakiki wa vitabu vile vile vitatu. Sioni kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa nne asiruhusiwe kuwasilisha, badala ya tasnifu, vipindi sita vya nusu saa vilivyoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya uchaguzi wake wa lugha, na kuhojiwa mbele ya jopo kama wenzake. Vipindi sita vinatosha kuitoa timu kwenye zoni na kuifikisha kaunti, au kuiacha njiani. Napendekeza jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa chama, na wahadhiri wanaosimamia miradi waalikwe waseme wazi kama wangelikubali au la.